Ushairi wa Makauboi wa Marekani: Ni Nani Asifiwaye?

Katika uhakiki wa ushairi wa sifa, swali la kwanza limpasalo mhakiki si kuuliza kama shairi lasifu vizuri, bali ni kuuliza lasifu nini, na msifaji ana uhusiano gani na hicho akisifucho. Swali hili limeulizwa mara nyingi juu ya tenzi zetu na juu ya majigambo ya wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu. Ni nadra kuulizwa huku kwetu juu ya ushairi wa wachunga ng'ombe wa magharibi ya Marekani, tuliozoea kuwaita makauboi. Sababu ya jambo hilo ni dhahiri. Kauboi alitufikia kwa njia ya sinema, wala hakutufikia kwa njia ya shairi. Vijana wa Dar es Salaam wa miaka ya 1940 na 1950 walimpenda katika majumba ya sinema wakamwiga kwa mavazi na kwa mwendo. Wenzao wa Kinshasa, ambayo siku hizo iliitwa Léopoldville, walijiita Bills kwa kumfuata Buffalo Bill. Kauboi huyo alikuwa mtu wa bastola. Kauboi wa mashairi ni mtu mwingine, na ndiye tutakayemtazama hapa.

Hoja nitakayoitetea ni kwamba ushairi wa makauboi, ule ulio bora, ni ushairi wa mtu wa mshahara. Watukuzaji wake wengi, wakiwa ni waimbaji wa sinema au wahariri wa vitabu, wamemfanya mtu huyo kuwa bwana wa mbuga asiyeajiriwa na yeyote. Kwa kufanya hivyo wamempa heshima asiyoihitaji, na wamemnyang'anya ile aliyoitunga mwenyewe.

Kazi na maneno yake

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe wengi wasio na soko, na miji ya kaskazini na mashariki ilikuwa na watu wengi wenye kutaka nyama. Mwaka 1867 kituo cha kupakia ng'ombe katika treni kilifunguliwa Abilene, katika Kansas, na kwa muda wa miaka kama 20 makundi makubwa yaliswagwa kutoka Texas hadi kwenye reli. Waliyoyaswaga walikuwa vijana wa kuajiriwa. Mshahara wao ulikuwa baina ya dola 25 na 40 kwa mwezi. Tandiko lilikuwa mali ya kijana mwenyewe, lakini farasi aliowapanda mara nyingi walikuwa wa tajiri wake, na ng'ombe hawakuwa wake kabisa. Mwaka 1883 makauboi wa kaskazini ya Texas waligoma wakidai dola 50 kwa mwezi, na watu 24 walitia sahihi zao katika barua ya madai. Mgomo ule ulishindwa. Zama zenyewe nazo hazikudumu: seng'enge, ambayo Joseph Glidden aliiandikishia haki ya uvumbuzi mwaka 1874, ilizifunga mbuga, na majira ya baridi kali ya 1886 hadi 1887 yaliua ng'ombe wasiohesabika.

Mwanaisimu hana budi kusimama kidogo kwenye msamiati wa kazi hii, kwa sababu maneno yatoa ushahidi ambao sinema iliuficha. Neno rodeo ni la Kihispania. Ranch ni rancho la Kihispania. Lariat, ile kamba ya kitanzi, ni la reata. Na buckaroo, jina la kauboi katika Nevada, si lingine ila vaquero lililotamkwa kwa midomo ya Waingereza. Kama vile nahodha na bandari katika Kiswahili yatuonyeshavyo kwamba katika mambo ya bahari tulikaa na Waajemi, ndivyo maneno hayo yaonyeshavyo kwamba Mmarekani alifundishwa kazi ya ng'ombe na Mmeksiko. Kadhalika watu weusi walikuwa wengi katika safari hizo, baadhi yao wakiwa wametoka utumwani miaka michache tu kabla yake. Mmoja wao, Nat Love, aliyezaliwa mtumwa katika Tennessee mwaka 1854, alichapisha kisa cha maisha yake mwaka 1907.

Nyimbo zilikotoka

Mkusanyaji wa kwanza kuchapa kitabu cha nyimbo hizi alikuwa Jack Thorp, mwaka 1908, katika mji mdogo wa Estancia, New Mexico. Thorp alikuwa mkusanyaji na mtungaji kwa pamoja. Wimbo wake Little Joe, the Wrangler, alioutunga mwaka 1898 juu ya mtoto mchunga farasi aliyekufa ng'ombe walipotimka usiku, ulienea hata watu wakaudhani kuwa wa kale. Miaka miwili baada ya kitabu hicho, John Lomax alitoa mkusanyo mkubwa zaidi, uliotanguliwa na barua ya Theodore Roosevelt aliyekuwa Rais wa nchi hiyo. Lomax alieleza bila kificho kwamba aliunganisha mistari iliyomwelekea kuwa bora kutoka katika nakala mbalimbali za wimbo mmoja. Sisi tuliozoea kulinganisha miswada ya tenzi twajua hasara ya tendo hilo. Msomaji hupewa shairi safi ambalo hakuna mtu aliyepata kuliimba, na tofauti za nakala, ambazo ndizo zingemwambia ni nani aliimba na wapi, hupotea.

Lakini hata baada ya kusafishwa hivyo, nyimbo hizi zaonyesha asili yake. Ule uitwao Bury Me Not on the Lone Prairie, ambamo kijana anayekufa aomba asizikwe mbugani peke yake, watokana na shairi la baharini la Edwin Chapin lililochapishwa mwaka 1839, ambamo mtu anayekufa chomboni aomba asitoswe majini. Bahari imegeuzwa mbuga, na mawimbi yamegeuzwa majani. Wimbo wa kauboi anayekufa katika mji wa Laredo una nasaba yake katika wimbo wa zamani wa Uingereza na Ireland juu ya kijana aliyeharibiwa na anasa. Na Home on the Range, uliofanywa wimbo rasmi wa jimbo la Kansas mwaka 1947, ulitungwa katika miaka ya 1870 na tabibu aitwaye Brewster Higley. Lomax aliupata mwaka 1908 katika San Antonio kwa mtu mweusi aliyekuwa zamani mpishi wa safari za ng'ombe. Maneno ya tabibu mweupe yalihifadhiwa katika koo la mpishi mweusi, ndipo yakafika kitabuni. Historia hiyo yastahili kukumbukwa kila wimbo huo uimbwapo kama kwamba ulichipuka wenyewe ardhini.

Mizani na mwendo wa farasi

Yasemwa mara kwa mara kwamba mapigo ya shairi la kauboi ni mapigo ya kwato, na kwamba mtungaji alipata mizani yake juu ya tandiko. Dai hili lapendeza, walakini halina msingi. Ushairi wa Kiingereza wa aina hii hauhesabu silabi kama ushairi wetu, wahesabu mikazo. Ubeti wake wa kawaida una mistari minne, wa kwanza na wa tatu ukiwa na mikazo minne, wa pili na wa nne mikazo mitatu. Ama mistari yote huwa na mikazo minne na vina viwili viwili. Umbo hilo lilikuwa la nyimbo za masimulizi za Uingereza kabla ya mtu yeyote kuswaga ng'ombe katika Texas, na mabaharia na wakata magogo walilitumia vilevile bila ya farasi. Kisha watungaji walioandika baada ya mwaka 1890 walikuwa wasomaji, na sauti ya Kipling yasikika waziwazi katika beti zao.

Kazi haikuumba mizani, bali iliathiri namna ya kuimba. Usiku wapanda farasi wawili walilizunguka kundi lililolala, mmoja akielekea huku na mwenzake kule, nao waliimba kwa sauti ya chini na ya taratibu ili ng'ombe wasishtuke. Waliimba chochote walichokijua, hata nyimbo za kanisa. Yaani wimbo wenyewe ulikuwa chombo cha kazi, kama kamba na tandiko.

Ng'ombe asiye na jina

Sasa twafika kwenye jambo ambalo msomaji wa Afrika ya Mashariki aweza kuliona upesi kuliko mhakiki wa Marekani. Katika Ankole na katika Rwanda ushairi wa wafugaji wamtaja ng'ombe kwa jina, kwa rangi, kwa umbo la pembe na kwa nasaba yake. H. F. Morris alichapisha mwaka 1964 majigambo ya Wahima wa Ankole, na katika kitabu hicho zimo pia sifa za ng'ombe. Rwanda ina amazina y'inka, mashairi marefu ya kuwasifu ng'ombe wa pembe ndefu waitwao inyambo. Mtu aliyezoea tungo hizo akifungua kitabu cha ushairi wa makauboi atashangaa: ng'ombe ni maelfu, na asiye na jina ni ng'ombe. Wanaotajwa kwa majina ni farasi, wenzi wa kazi, mpishi, mto na mji wa reli.

Mtu aweza kujibu upesi kwamba sababu ni umiliki: Mhima humsifu ng'ombe wake, na kauboi hana wake. Jibu hilo lina ukweli, lakini halitoshi, kwa sababu mbili. Kwanza, ng'ombe wa inyambo walikuwa wa mfalme, na watunzi waliowasifu hawakuwa wenye mali. Pili, farasi wa kauboi naye mara nyingi alikuwa wa tajiri, na hata hivyo amesifiwa sana. Naona sababu iliyo nyuma ya umiliki ni ukaaji. Ng'ombe wa inyambo hukaa, huzaa, na wanawe hurithi sifa zake. Maksai wa Texas alikuwa njiani kuelekea machinjioni, na katika mji wa reli alikuwa wa kuhesabiwa na kuuzwa. Hapana sababu ya kumpa jina kiumbe ambaye kazi yako ni kumfikisha kwenye kifo chake. Farasi, kinyume cha hayo, alikaa na mtu msimu mzima, na uhai wa mtu ulikuwa katika miguu yake. Hata farasi mkorofi alipata sifa: Curley Fletcher alitunga mwaka 1915 shairi la farasi amshindaye mpandaji wake, likageuka wimbo mashuhuri uitwao The Strawberry Roan, na katika wimbo huo asifiwaye ni mshindi mwenye miguu minne.

Ushahidi wa nguvu zaidi wapatikana katika wimbo When the Work's All Done This Fall, ambao asili yake ni shairi la D. J. O'Malley lililochapishwa mwaka 1893 katika gazeti la wafugaji la Miles City, Montana. Kijana awaambia wenzake kwamba kazi itakapokwisha atarudi kwa mamaye. Usiku uleule ng'ombe watimka, naye aangukiwa na farasi wake. Kabla ya kukata roho atoa wasia: mshahara wake apelekewe mama, wenzake wapewe tandiko, matandiko ya kulalia, na bastola. Hiyo ndiyo hesabu kamili ya mali yake. Hapana ng'ombe hata mmoja katika mirathi ya mtu aliyekufa kwa ajili ya ng'ombe, wala mtungaji hakuona haja ya kulieleza jambo hilo, kwa kuwa wasomaji wake walilijua. Na maneno ya kazi kwisha, yaliyokuwa mwanzoni ahadi ya likizo, yamekuwa mwishoni habari ya kifo, bila ya neno hata moja kubadilishwa. Carl Sprague alipouimba wimbo huu katika sahani ya santuri mwaka 1925, uliuzwa kwa wingi sana. Mafanikio hayo hayakuletwa na bastola, ambayo katika wimbo huo ni kitu cha kugawiwa tu.

Jambo hilo lathibitishwa na lugha yenyewe. Kwa Kiingereza cha huko mfanyakazi wa ng'ombe huitwa hand, yaani mkono, na sifa kubwa kupita zote awezayo kupewa mtu ni kuitwa mkono ulio bora. Georgie Sicking, mwanamke aliyefanya kazi ya ng'ombe katika Arizona na Nevada, ametunga shairi zima juu ya kuitamani sifa hiyo. Kiswahili nacho chamwita mtu wa kazi ya kutwa kwa jina la kibarua, kile cheti alichopewa kazini. Tofauti ni kwamba sisi hatujatunga shairi ambamo kuitwa kibarua hodari ni taji. Wao wametunga, na hapo ndipo penye upya wa ushairi wao.

Washairi wawili

Tofauti baina ya shairi la kazi na shairi la kutukuza yaonekana vizuri tukiwalinganisha Badger Clark na Bruce Kiskaddon. Clark, aliyezaliwa mwaka 1883, alikaa miaka minne Arizona kwa sababu ya ugonjwa wa mapafu, akitunza ranchi karibu na Tombstone. Shairi lake A Cowboy's Prayer, la mwaka 1906, ni dua ya mtu amshukuruye Mungu kwa kumweka mahali pasipo kuta, asipotawaliwa na saa wala king'ora cha kiwanda. Lilienea katika kadi za posta bila jina lake, jambo ambalo ni dalili ya kupendwa kwake. Clark ni fundi. Vina vyake havina kasoro na unyenyekevu wake si wa uongo. Lakini aliiona mbuga kwa jicho la mgonjwa aliyepona ndani yake, na uhuru auimbao ni wa mtu mwenye kupumzika. Kauboi aliyeamshwa usiku wa manane kwenda zamu ya kulinda kundi hakuwa huru na saa.

Kiskaddon, aliyezaliwa mwaka 1878, alifanya kazi ya ng'ombe katika Colorado na Arizona, kisha akaishia Los Angeles, ambako alikuwa mchukuzi wa mizigo hotelini hadi alipokaribia kufa mwaka 1950. Mashairi yake mengi yalichapwa katika kalenda za soko la mifugo la mji huo, yakatundikwa katika kuta za nyumba za wafugaji. Mhakiki wa chuo kikuu aweza kuidharau kalenda, lakini wasomaji wa kalenda hizo walikuwa mahakimu wakali kuliko sisi. Kosa moja juu ya hatamu au juu ya rangi ya farasi lingemwaibisha mtungaji mbele yao. Kiskaddon hatoi hukumu juu ya uhuru. Hutaja asubuhi ya baridi, mpishi mwenye hasira, farasi mzee wa zamu ya usiku, na ile huzuni imwingiayo mtu ng'ombe wakishapakiwa katika treni, msimu ukiisha na wenzi wakitawanyika. Mapenzi yake kwa kazi hiyo yaonekana katika usahihi wa maelezo. Yafaa kukumbuka kwamba Nat Love naye aliishia kuwa mtumishi wa mabehewa ya kulala katika reli. Wawili hao, mweusi na mweupe, waliandika habari za mbuga wakiwa watu wa kubeba mizigo ya wasafiri.

Watukuzaji na waliosahauliwa

Sinema haikuwa na nafasi kwa watu kama hao. Gene Autry, aliyekuwa mpeleka simu za maandishi katika reli kabla ya kuwa mwimbaji, alianza mwaka 1935 kuongoza filamu ambamo kauboi huimba, hupigana na hupendwa, na ni nadra kumwona akipokea mshahara. Bob Nolan, mtungaji hodari wa nyimbo za mbuga kwa ajili ya filamu hizo, alizaliwa Winnipeg katika Kanada. Sisemi kwamba nyimbo zao ni mbaya. Baadhi yake ni nzuri sana. Nasema kwamba katika nyimbo hizo mbuga imekuwa mandhari, na mtu amekuwa mwenye kuitazama.

Marekebisho yametoka pande mbili. Mwaka 1985 wataalamu wa mapokeo ya wananchi waliitisha mkutano wa washairi wa kauboi katika Elko, Nevada, mwezi wa Januari, wakati kazi ya mifugo inapopungua, ili watungaji wenyewe waweze kuhudhuria. Mkutano huo umedumu, na umewapa wafanyakazi kama Waddie Mitchell jukwaa lao wenyewe. Hatari yake ni kwamba hadhira ya mjini hupenda kucheka na kukumbuka yaliyopita, na mtungaji hujifunza upesi kuwapa watu wakipendacho. Upande wa pili umetoka kwa wale waliofutwa. Américo Paredes alihifadhi corrido ya safari ya Kansas, wimbo wa Kihispania wenye kuwasifu vaquero wachache waliowaweza ng'ombe waliowashinda Wamarekani wengi. Na mwaka 2018 mwanamuziki Dom Flemons alitoa sahani nzima ya nyimbo za makauboi weusi. Mambo haya si nyongeza ya adabu tu. Pasipo hayo historia ya nyimbo zenyewe haieleweki.

Miongoni mwa watungaji wa Elko, aliyeionyesha njia kwa uwazi ni Wally McRae wa Montana. Wengi wamjua kwa Reincarnation, shairi la mzaha ambamo mzee amweleza mwenziwe jinsi maiti igeukavyo majani, majani yakaliwa na farasi, na mwisho wake ukawa samadi. Chini ya mzaha huo pana fikira ileile ya ukaaji: mtu, majani na farasi ni wa mahali pamoja. McRae, aliyekuwa mfugaji mwenye ardhi, alipinga kwa miaka mingi uchimbaji wa makaa ya mawe karibu na Colstrip, na mashairi yake juu ya jambo hilo hayana mzaha. Ndani yake mahali penyewe ndipo penye kutajwa majina, kwa sababu ndipo palipo hatarini kutoweka.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni hili. Ushairi wa makauboi hausifu ng'ombe, wala katika ubora wake hausifu bastola. Wasifu kazi iliyofanywa vyema na mtu asiyepata faida yake, na vile vichache alivyokaa navyo alipokuwa akiifanya. Mhakiki wa Kiswahili ana la kujifunza hapo. Tunazo nyimbo za wapagazi wa misafara, za mabaharia, za makuli wa bandarini na za wakata mkonge, na nyingi katika hizo zimewekwa katika fungu la mila badala ya fungu la ushairi. Zikikusanywa, zikusanywe kwa nakala zake zote na majina ya waliozisema, bila ya kuunganishwa mistari, ili atakayezisoma aweze kujua tandiko lilikuwa la nani na ng'ombe walikuwa wa nani.